Bendi ya mkononi ama mkanda wa kifuani? Nina laki tatu tu

Afande_Ntinda

Habari zenu wote. Naomba msaada kabla pesa haijatoka mfukoni. Nina miaka 46, nakaa Ntinda hapa Kampala, zamani nilikuwa jeshini kwa hiyo kukimbia si kitu kigeni kwangu, lakini tangu niingie kazi ya kukaa ofisini tumbo limepanda cheo. Mwaka huu nimeamua Novemba nikimbie zile kilomita 21 za Kampala Marathon, na daktari pia ameniambia nisikae sana, nitembee.

Sasa kuna duka mjini wananiambia chukua bendi, hizi za kuvaa mkononi, inahesabu hatua, inapima usingizi, mapigo ya moyo, oksijeni, mpaka stresi, yaani kila kitu mpaka nikajiuliza kama hata mshahara inahesabu. Halafu kuna kijana tunakimbia naye asubuhi, yeye anavaa ule mkanda wa kufunga kifuani wa kupima mapigo ya moyo, anasema bendi ni urembo tu. Mimi pesa yangu ni laki tatu za Uganda, ikizidi mama watoto ataniuliza na jibu sina. Vyote viwili siwezi. Njia yangu ni Ntinda, napanda Naguru, nashuka Kololo, Lugogo, narudi. Milima tupu.

Bendi ama mkanda? Na kama bendi yenyewe inapima mapigo, huo mkanda kazi yake nini? Kiswahili changu ni cha kambini, mnivumilie.

Fundi_wa_Saa_KLA

Afande jambo. Mimi natengeneza simu na saa hapa mjini, hizi vitu nazifungua kila wiki, acha nikwambie kilichomo ndani halafu utaamua mwenyewe.

Bendi ina vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni sensa ndogo ya mwendo, hiyo inasikia mkono ukitikisika na programu inakisia kwamba mtikisiko wa namna hii ni hatua. Inakisia, haioni miguu yako. Ndio maana ukipanda boda kwenye barabara yenye mashimo unaweza kufika kazini saa imeshakuhesabia hatua na hujakanyaga chini, na ukisukuma troli supamaketi mikono imetulia unazunguka duka zima haikuhesabii karibu kitu. Cha pili ni ile taa ya kijani kwa nyuma. Damu inanyonya mwanga wa kijani, moyo ukipiga damu inaongezeka kidogo kwenye ngozi, mwanga unaorudi unapungua, sensa inahesabu hayo mapanda-shuka.

Mkanda hauna taa. Una sehemu mbili zinazopitisha umeme, zinagusa ngozi ya kifua na kusoma umeme wenyewe wa moyo, kazi ileile ya mashine ya ECG ya hospitali ila hii ni ndogo na haimpi daktari picha ya kutosha. Kwa hiyo umekaa kwenye kiti, namba za bendi na za mkanda zitakaribiana sana. Ukianza kukimbia ndio zinaachana. Mkono unaruka, bendi inacheza, mwanga wa nje unaingia, na kuna ugonjwa mmoja wa hizi za mkononi, zinaacha kufuata moyo zinaanza kufuata hatua zako. Mtu anakimbia pole hatua 165 kwa dakika, saa inamwambia moyo unapiga 165, anaogopa anakaa chini, kumbe moyo uko 130.

Ukichukua bendi ifunge juu kidogo ya mfupa wa mkono, vidole viwili kutoka kwenye kifundo, na uikaze ukikimbia. Watu wanaivaa kama bangili halafu wanalalamika.

Na tafadhali usinunue zile za kutandazwa barabarani bei ya chakula cha mchana. Nimeshafungua moja ndani hakuna sensa kabisa, ni taa ya kijani tu inawaka, namba inatoka kichwani kwa programu.

Odongo_wa_Busia

Fundi kuna njia rahisi ya kujua feki, funga saa kwenye chupa ya maji, ikionyesha mapigo basi chupa iko hai 😂

Fundi_wa_Saa_KLA

@Odongo hiyo watu wanaipenda lakini si haki, hata bendi nzuri za kampuni kubwa zimeshaonekana zikipata "mapigo" kwenye karatasi ya chooni. Sensa inatafuta mdundo wowote kwenye mwanga unaorudi, ukiipa kitu kisicho mkono itajitahidi tu. Njia ya maana ni hii: shika shingo ama kifundo cha mkono kwa vidole viwili, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4, linganisha. Halafu panda ngazi mbio, hesabu tena. Feki nyingi zitabaki palepale kwenye 76 zao.

Kochi_Sebei

Afande salaam kutoka Kapchorwa, mimi nafundisha vijana mbio huku. Nimeona hiyo njia yako na jibu langu linatoka kwenye milima.

Mtu anayekimbia tambarare anaweza kujipima kwa spidi, dakika ngapi kwa kilomita, basi. Mkimbiaji wetu Cheptegei alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kule Valencia mwaka 2020, 26:11.00, kulikuwa na taa ukingoni zinamwonyesha kasi inayotakiwa, na inawezekana kwa sababu uwanja hauna kilima. Wewe ukijilazimisha kupanda Naguru kwa spidi ileile ya pale chini Lugogo, moyo utaruka mpaka juu kabisa na safari hujafika nusu. Ukishuka upande wa pili spidi inakuwa tamu, unajisifu, na mwili haufanyi kazi ya maana. Spidi milimani inadanganya, mapigo ndiyo yanakwambia mwili umebeba mzigo gani. Kwa hiyo mtu wa Kampala anayejiandaa kwa mbio, mimi nasema mkanda. Hasa kama utafanya zile za kukimbia kasi dakika moja unapumzika dakika moja, maana bendi ya mkononi ikija kugundua umeongeza kasi, wewe umeshaanza kupumzika.

Ila usiiangalie namba kila sekunde utakuwa kichaa. Ukikimbia saa nzima juani kwa mwendo mmoja mapigo yanapanda yenyewe polepole, maji yanapungua mwilini na damu nyingine inakwenda kwenye ngozi kuupoza mwili. Ni kawaida. Na ukija kututembelea huku utaona namba zimepanda pia, Kampala ni kama mita 1,200 juu ya bahari, sisi tuko juu zaidi, hewa nyepesi, moyo unalipa tofauti.

Kuna ile hesabu ya 220 toa umri, kwako inatoka 174 kama mwisho wa moyo wako. Ni wastani tu, mtu anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 na zaidi. Mazoezi yako mengi yafanye pole, asilimia 60 hadi 70 ya huo mwisho, yaani kama 104 mpaka 122. Utaona ni pole ya aibu, utapitwa na bibi mwenye ndoo kichwani, pitwa tu.

Sista_Arua

Kochi nakuheshimu lakini simama hapo. Afande, kabla hujaingiza hiyo 174 kwenye apu yoyote, daktari alikwambia utembee kwa sababu gani? Na kuna dawa unameza?

Afande_Ntinda

Sista ni presha. Nameza kidonge asubuhi, jina silikumbuki niko kazini sasa. Kwani kidonge na mkanda vinajuana?

Sista_Arua

Vinajuana sana. Dawa za presha ni za makundi mengi. Kuna zile ambazo jina linaishia na "-lol", atenolol, propranolol, bisoprolol, hizo zinazuia moyo kukimbia. Ukiwa kwenye hizo unaweza kupanda Naguru umechoka mpaka magoti yanatetemeka na mkanda unasema 115, na mkanda haujakosea, moyo kweli uko 115 kwa sababu dawa imeushika. Sasa mtu anayefuata hesabu ya 220 anaona 115 anasema bado niko chini, ngoja niongeze. Hapo ndipo anaanguka. Lakini kama yako ni amlodipine, mfano, hiyo inalegeza mishipa, kwa mapigo haina kizuizi cha namna hiyo. Kaangalie pakiti ukifika nyumbani. Na usiache dawa eti ili namba zipendeze, nimeona watu.

Jambo lingine, mapigo ya moyo si presha. Wagonjwa wananiletea saa wananiambia sista presha yangu 78. Hiyo 78 ni moyo umepiga mara ngapi kwa dakika. Presha inataka kile kitambaa cha kubana mkono juu ya kiwiko. Mkanda wa kifua haukupi presha. Na zile saa za bei ya chini zinazoandika 120/80 bila kubana kitu chochote mimi siziamini hata kidogo.

Kijana_Mbale

Sista samahani naingilia, mimi nimesikia hizo taa za kijani hazisomi ngozi nyeusi kama yetu, zimetengenezwa kwa wazungu. Ni kweli?

Sista_Arua

Swali zuri mdogo wangu. Hofu ina msingi, kwa sababu rangi ya ngozi nyeusi inanyonya mwanga wa kijani. Lakini Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani walipima mwaka 2020, watu 53 wa rangi tofauti za ngozi, saa za aina kadhaa, na kwa mapigo ya moyo hawakukuta tofauti ya maana kati ya rangi na rangi. Walichokuta ni tofauti kati ya saa na saa, na kati ya mtu aliyetulia na mtu anayetembea. Ukijongea makosa yanaongezeka, weusi kwa weupe. Kwa hiyo Fundi amesema sawa, adui mkubwa ni kutikisika.

Kwa oksijeni ndio mimi ningeogopa. Mwaka huohuo wa 2020 madaktari wa Michigan walionyesha kwamba hata vile vipimo vya kidole vya hospitali vilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kama cha hospitali kina hiyo shida, hiyo namba ya oksijeni kwenye bendi usiifanye kigezo cha kununua.

Na kalori usiguse. Stanford 2017 walichukua vifaa 7 vya mkononi na watu 60. Kwa mapigo vifaa 6 vilikuwa ndani ya kosa la asilimia 5, vizuri tu. Kwa kalori kile kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea wastani wa asilimia 27, cha mwisho asilimia 93. Kwa hiyo Afande, saa ikikwambia umechoma 700 usiende kujilipa na rolex ya pili, ile chapati ya mayai.

Odongo_wa_Busia

Banange yaani mpaka rolex yangu imeingia mashtakani. Afande okoa hiyo laki tatu, babu zetu walitembea Busia mpaka Tororo bila bendi wala mkanda. Amka, vaa viatu, tembea hatua 10,000, maliza.

Aisha_Bombo

Odongo na hizo 10,000 utazihesabuje bila bendi, kwa vidole? 😄 Hata hiyo 10,000 haikutoka kwa daktari, ilitoka Japani mwaka 1965, kampuni iliuza kifaa cha kuhesabu hatua na kukipa jina la hatua elfu kumi, namba nzuri ya kuuzia, ikabaki. Utafiti wa 2019 kwa wanawake wazee Marekani uliona faida inapanda mpaka kama hatua 7,500 halafu inatulia.

Afande assalaam aleikum. Naona wanaume hapa wote wanaongea mbio, mbio ni saa moja, na saa zilizobaki je? Mimi bendi ndiyo ilinitoa kwenye kiti. Nikiona jioni niko hatua elfu mbili naona aibu, nashuka kwenye taxi stejini ya mbele naenda kwa miguu. Mkanda hauwezi kukufanyia hivyo, mkanda unavaa unafanya mazoezi unavua, siku nzima haujui kama umelala au umehama nchi. Na daktari wako amekuambia nini? Usikae sana. Hiyo ni kazi ya bendi. Tena bendi inakuonyesha mapigo ya kupumzika usiku umelala mkono umetulia, hapo inapima vizuri, na ukiona yameanza kupanda siku mfululizo bila sababu ujue umechoka au homa inakuja.

Mkanda nimeshatumia pia. Unabana, kwa wanawake unagombania nafasi na sidiria, na usipoulowesha maji sehemu zile za kugusa ngozi unaanza kwa kukuonyesha maajabu, 200 umesimama. Ukitoka jasho unatulia. Halafu ufue, Afande, ufue kila baada ya siku chache, toa kile kitufe chenye sensa ufue mkanda wenyewe, chumvi ya jasho inauua na harufu utamfukuza mama watoto.

Swali ambalo hakuna aliyekuuliza: hiyo namba ya mkanda utaisoma wapi? Mkanda wenyewe hauna kioo. Unataka simu ama saa inayopokea. Na kukimbia Lugogo saa kumi na moja alfajiri na simu mkononi unajua wale wa boda wanaopita wakinyakua. Kuna mikanda inayotunza zoezi moja ndani, kama Polar H10, unakuja kuisoma nyumbani, lakini hapo mlimani huoni kitu.

Fundi_wa_Saa_KLA

Aisha amenikumbusha jambo. Watu wanadhani watanunua bendi sasa halafu mkanda baadaye waviunganishe. Bendi nyingi za bei ya chini haziwezi kupokea mkanda, zinatumia taa yao tu. Saa za kukimbia, Garmin za kawaida kwa mfano, zinapokea, lakini hiyo si laki tatu.

Kuhusu bei, Polar H10 nje ni kama dola 90 mpaka 100 kabla ya usafiri, imekupita tayari. H9 ni ndugu yake mdogo, bei ya chini, haina ile kumbukumbu ya ndani. Kuna za Kichina, Coospo na Magene, hizo ni kama theluthi ya bei ya H10, zinasoma umeme wa moyo vilevile na zinaongea na simu kwa Bluetooth. Kwa kukimbia zinatosha. Mkanda kifuani, simu ndani ya mkoba wa kiunoni, inakusemea sikioni mapigo yako, wezi hawaioni.

Na kuna kitu cha katikati hamjakitaja, bendi ya taa inayovaliwa juu ya kiwiko. Huko nyama ni nyingi na mtikisiko ni mdogo kuliko kifundoni, inasoma vizuri zaidi kuliko saa.

Afande_Ntinda

Nimerudi nyumbani, nimeangalia pakiti. Atenolol.

Sista_Arua

Asante kwa kuangalia. Basi 174 ifute. Kaongee na daktari wako umwambie wazi unataka kukimbia kilomita 21, si kutembea tu, akupime kabla hujaongeza mwendo. Hapo katikati tembea, na ukikimbia tumia mdomo: kama unaweza kumaliza sentensi nzima bila kukatika uko sawa, ukianza kujibu neno mojamoja punguza. Kizunguzungu au kifua kubana, unasimama, hakuna cha uaskari. Kwa hali yako mimi ningenunua bendi ya kawaida, nilenge zile dakika 150 za mazoezi kwa wiki ambazo WHO wanasema, na pesa ya juu ninunue kipima presha cha nyumbani.

Kochi_Sebei

Sista kwa dawa nakusikia, sikujua habari ya kidonge, 104 mpaka 122 zangu afute. Lakini mkanda sijautupa. Namba ni ya kweli, ni ile hesabu ya 220 ndiyo haimhusu. Akimbie akiongea, aangalie mkanda unasema ngapi, aandike. Afanye hivyo wiki kadhaa atapata mipaka yake mwenyewe akiwa na dawa mwilini, tena ahakikishe anameza na kukimbia saa zilezile kila siku maana dawa ina saa zake za nguvu. Vijana wangu hawana hata saa, tunatumia vidole shingoni na mdomo. Mkanda unamwongezea kumbukumbu tu.

Sista_Arua

Kochi hapo sikupingi, ila daktari kwanza. Namba yoyote atakayoandika kabla ya kupimwa ni ya kutembea, si ya Naguru.

Afande_Ntinda

Nimewasikia wote na mama watoto amesoma pia, yeye yuko upande wa Aisha, anataka bendi iwe ya kwake. Alhamisi naenda kliniki kwanza. Akinikubalia kukimbia nachukua mkanda wa Kichina, na kinachobaki kwenye laki tatu nitafute kipima presha cha kubana mkono. Bendi itasubiri mshahara. Fundi, betri ya hiyo mikanda inapatikana Kampala ama ndio mpaka niagize tena?

Fundi_wa_Saa_KLA

Inapatikana kila mahali wanapouza saa, ni zile za duara kama sarafu. Nyingine CR2032, nyingine CR2025, angalia nyuma ya kitufe imeandikwa. Usikubali wakupe 2016 eti ni sawa, upana ni mmoja lakini ni nyembamba, haitagusa vizuri. Na ukimaliza kukimbia toa kitufe kwenye mkanda, ukikiacha kimeshikana na mkanda una jasho kinadhani bado umekivaa, betri inaisha bure.